Alama Ukutani kwa Bibi Auleria

Miaka sita nyuma, mgambo walipovunja mabanda ya kando ya barabara pale Temeke, rungu moja lilimpata Mwishehe kisogoni. Hakuna aliyeulizwa. Mgambo yule alipanda cheo. Mwishehe, fundi wa kuchanganya rangi za magari, aliamkia hospitali, dunia nzima imekuwa jivu.

Daktari alimmulika, akamhakikishia kuwa macho ni mazima.

"Jicho ni tarishi tu, mzee," alisema. "Linapeleka habari. Anayepaka rangi ni ubongo, na kwako wewe mpakaji ndiye aliyepigwa."

Mwishehe hakumwambia mtu. Fundi rangi asiyeona rangi atakula nini? Akawa anasoma namba za makopo, anapima, anakumbuka. Mtaani wakaendelea kumwita Jicho.

Mwaka huu wakaja watu wa barabara mpya, wakapaka X kwenye kuta. Sheria yao inajulikana: X ya kijani, unalipwa ndipo uhame; nyekundu, wewe ni mvamizi, unavunjiwa bure, labda upeleke pingamizi ndani ya siku thelathini. Bondeni kwao wengine walishahama. Zilibaki nyumba mbili, yake na ya Bibi Auleria, mjane wa Kingoni ambaye macho yalishaingia ukungu wa uzee. Bibi alimshika mkono mpaka ukutani kwake.

"Jicho, baba, wamenipaka ipi?"

Mwishehe akatazama. Jivu juu ya jivu. Akaukumbuka mkutano wa hadhara wa barabara hiyo, na mkubwa mmoja wa serikali aliyeapa kwamba watu wa bondeni watalipwa wote, kina mama wakampigia vigelegele. Akatazama tena. Na wallahi, kwa mara ya kwanza tangu rungu lile, alama ikamjia kijani, kijani cha mgomba ulionyeshewa.

"Kijani, bibi. Tulia."

Ya kwake akaisoma hivyohivyo. Bibi akacheka, akamtania kwamba kumbe watu wa pwani nao siku mojamoja husema kweli. Hati ya bibi ya mauziano, ya mwaka sabini na nane, ambayo ingemtetea kwenye pingamizi, ikabaki sandukuni. Siku thelathini zikapita, bibi anapanga vyumba viwili atakavyojenga Mbagala.

Katapila likaja Jumanne asubuhi. Mwishehe alisimama mbele yake, akawakumbusha mkutano, tarehe yake, hata mistari ya shati la yule mkubwa. Dereva akazima injini, akamwonea huruma.

"Mzee, hizo nyekundu. Kwani nyie hamwoni?"

Bibi Auleria hakulia wala hakumlaumu, na hilo ndilo lililommaliza Mwishehe. Ukuta ulipokwisha kulala, alimwomba tu amtafutie kwenye kifusi kanga nyekundu ya marehemu binti yake. Nyingine ziachwe.

Mwishehe akapiga magoti vumbini. Akavuta kanga ya kwanza: jivu. Ya pili, jivu. Ya tatu akaishika muda mrefu, akiisubiri imjie kama ilivyomjia alama. Nyuma yake bibi akauliza, polepole, kama mtu anayeogopa jibu:

"Umeiona, Jicho?"