Simu za Ijumaa

Aflah alizikwa kwao Bawshar mwezi wa Mei mwaka 1998, na bintiye Ghaliya hakuambiwa. Binti alikuwa Ufaransa, akisomea sheria Poitiers, mji wa makanisa ya kale na vichochoro vya mawe, na mitihani ilikuwa imekaribia. Aliyekata shauri ni Mahfoudh, kaka wa marehemu. "Mtoto yuko ugenini peke yake," alisema. "Akimaliza ataambiwa." Khole, mjane, akaitikia. Ndivyo tulivyo sisi: mtu akiwa mbali tunamficha msiba wake mwenyewe, kisha tunasema tunamhurumia.

Kila Ijumaa jioni simu ililia. "Baba yuko wapi?" Kaenda msikitini. Kaenda Mabela kwa rafiki yake. Kalala. Khole akishaiweka simu hulia mpaka kifua kikamuuma.

Mitihani ilipokwisha, Mahfoudh alikwenda kumpokea msichana uwanja wa ndege. Khole alibaki nyumbani, kwani yumo edani na mwenye eda hatoki. Alikaa sebuleni akiyapanga maneno, na kila akiyapanga yanamponyoka.

Ghaliya aliingia, akapiga magoti mbele yake, akamkumbatia.

"Pole, mama."

Khole aliuliza, "Ami yako kakwambia?"

"Hajanambia mtu. Ijumaa jioni wewe hukai nyumbani, huwa kwa dada zako. Ghafla kila nikipiga unapokea wewe. Nikajua umo edani. Nikawa nakuuliza baba yuko wapi, nangoja uniambie."

"Na wewe ukanyamaza, mwanangu?"

"Nilidhani baba mwenyewe ndiye aliyeusia nisisumbuliwe. Hilo ndilo lililonipa nguvu ya kukaa kule." Kisha akamtazama mama yake. "Aliusia, mama? Au aliniulizia?"

Khole aliona uwongo mwingine umeshafika ulimini, umekuja wenyewe kwa mazoea. Ungemfaa mtoto, ungemlaza. Lakini alikuwa amechoka nao, na alimwonea haya marehemu.

"Aliumwa wiki nzima," alisema. "Kila akizindukana akikuulizia. Ami yako kasema usiitwe, na mie nikakubali. Nikawa namwambia uko njiani."

"Akaamini?"

"Akaamini. Akataka kitanda kigeuzwe, auone mlango."

Ghaliya alijitoa taratibu mikononi mwa mama yake, akaenda kukaa upande wa pili wa sebule. Khole hakumfuata.