Maksai Kutoka kwa Wamongolia

Mwaka uliofuata vita vya Wamanchu waliotuvamia, ugonjwa wa sotoka ulimaliza ng'ombe wote wa kijiji chetu. Wanaume wakajifunga kamba mabegani, wakavuta plau wenyewe. Hata Yun Chigyom, mtu wa ukoo mkubwa, aliivua kofia yake ya kiungwana ya singa za farasi akavuta kama wengine. Nusu ya mashamba ikabaki pori.

Mkewe, Bunrye, alikuwa ametekwa vitani na kuuzwa kwa Wamongolia. Wenzake wenye bahati walikombolewa na jamaa zao. Yeye alitoroka, akarudi kwa miguu. Mama mkwe akamzuia mlangoni.

"Mfalme amekataza wake waliotekwa wasiachwe, haya. Lakini mikono iliyowapikia wale haigusi sahani za mizimu ya nyumba hii."

Akamwonyesha zizi tupu, nyuma ya ukuta wa jiko. Chigyom alikuwa akitazama viatu vyake. Sisi tukasema ni mtu mpole. Upole gani ule! Mwanamke alilala zizini majira yote ya baridi.

Kisha wakapatikana watu wa kwenda Mongolia kubadilisha tumbaku kwa ng'ombe. Kila nyumba ilitoa. Mama mkwe alitoa hata ile ya kiko chake. Kura ya nani atamfuga maksai wetu ikamwangukia Chigyom, na siku maksai alipofika tulitoka wote na ngoma.

Langoni kwa Chigyom maksai akagoma. Wanaume wanne walimvuta, hakusogea. Bunrye akatoka zizini, akagonga ulimi kaakaani, akamnong'oneza maneno ya kule, na mnyama akamfuata taratibu.

"Loo! Watu wa nyumbani wamesalimiana!" akapayuka Kwak mfinyanzi.

Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Haya hatukuwa nayo. Chigyom peke yake hakucheka. Uso ulimwiva hadi masikioni.

Watu walipotawanyika mimi nilibaki uani, maana umbea ninao, nikasikia yote.

"Mwambie atoe vitu vyake," mama mkwe alimwambia Chigyom jikoni. "Maksai atalala wapi?"

"Na yeye je, Mama?"

"Yeye nani?"

Chigyom akaingia zizini. Bunrye alikuwa ameshaanza kukunja mkeka.

"Mwenzangu, Mama anasema..."

"Nimesikia, bwana. Ukuta wenyewe wa udongo."

"Baridi bado kali. Kama ningekuwa na mahali..."

"Chumba unacho. Niambie niingie ndani. Sema mara moja tu, nami nitaingia."

Akafungua kinywa. Upande wa pili wa ukuta mama yake akakohoa, naye akakifumba. Nilimwona amekishika kigingi cha zizi kwa mikono miwili, kichwa chini. Aibu ilimjaa, lakini haikumsogeza hata hatua moja.

Bunrye akafunga kifurushi chake.

"Maksai huyu mmemfuata mpaka kule," alisema, bila hata kupandisha sauti. "Mmekosa tumbaku ya kuvuta kwa ajili yake. Mimi nilikuwa kulekule, na hamkuniulizia." Akamtandikia maksai majani makavu aliyokuwa akilalia mwenyewe. "Mpe maji ya uvuguvugu. Amechoka na safari."

Akapita langoni, akashika njia ya bondeni. Hakuna aliyemwita.

"Chigyom!" mama mkwe akaita kutoka jikoni. "Maksai amekula?"

Chigyom alikuwa bado amesimama palepale, machozi yakimtiririka.

"Anakula, Mama."