Chasisi Kutoka Chalinze

"Kunjeni kanzu. Ikichanika, msije kumlaumu fundi," alisema Msabaha, na wanaume ishirini na sita waliotoka swala ya Ijumaa wakakunja kanzu zao mpaka magotini, wakaizunguka bodi ya Landrova ya Zuhura.

Gereji ya Msabaha pale Dunda haina winchi. Ina ukuta, kipande cha kivuli, mashine ya kuchomelea na msikiti wa jirani. Bodi ya gari ikitakiwa kunyanyuliwa, husubiriwa Ijumaa. Landrova hii ilikuwa na miaka arobaini na tano, na chumvi ya pwani ilikuwa imeila chasisi yake hata ukiigusa kwa bisibisi, bisibisi inatokea upande wa pili. Msabaha alikwenda Chalinze akapata chasisi nzima ya gari lililokufa, akaifungia injini na magurudumu. Ilibaki kuvikwa bodi. Na iwe leo, maana Tobia, mkulima wa Kiwangwa anayemuuzia Zuhura mananasi kila msimu, alikuwa amekwisha kuyakata tangu jana. Nanasi lililokatwa halingoji Jumatatu.

"Bismillahi. Haya, juu."

Bodi ikapanda, ikatembea hatua nane mikononi mwa watu, ikaanza kushuka. Hapo Msabaha akapiga kelele waisimamishe. Asubuhi alikuwa ameigeuza chasisi ili achomelee kivulini, akasahau kuirudisha. Injini ilikuwa upande wa mizigo.

"Fundi," alisema Zuhura, "Kiwangwa nitakwenda kinyumenyume?"

Kicheko kikawalegeza mikono. Ilibidi waizungushe bodi ikiwa hewani, hatua kwa hatua, huku Bwanausi, mwadhini, akihesabu kwa sauti ile ile ya adhana na kuwasihi wasicheke. Walizidi kucheka. Hata hivyo ikatua mahali pake, na kinamama wa mtaa wakapiga vigelegele. Zuhura, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, alijikuta analia kwa furaha mbele za watu wala asione haya. Gari lile ndilo lililowasomesha wanawe.

Bolti za mwisho zilikazwa saa nane. Namba ya chasisi sasa haikufanana na ya kwenye kadi, na barabara ya Kiwangwa haikosi askari, kwa hiyo Zuhura akapiga simu ofisi ya ukaguzi. Alipokea afisa kijana aitwaye Sixbert.

"Shikamoo mama. Gari hilo haliruhusiwi kuendeshwa barabarani mpaka likaguliwe."

"Marahaba mwanangu. Basi njoo ulikague."

"Sisi hatutoki. Lilete ofisini."

"Nitalileta vipi na haliruhusiwi kuendeshwa?"

"Utaratibu ndio huo, mama. Tunafunga saa tisa na nusu."

Zuhura akawasimulia watu maneno yale kama alivyoyapokea. Bwanausi alikuna ndevu.

"Kuendesha ndiyo kumekatazwa," alisema. "Kusukuma je?"

"Hakusema."

Wakasukuma. Zuhura alishika usukani, injini imezimwa, bodaboda mbili zikatangulia zikipiga honi, kinamama wakafuata nyuma wakiimba nyimbo za harusi kwa kuwa ndizo walizozijua wote. Muuza kahawa aliacha birika lake kwa mwenzake akaja kutia mkono. Kwenye mteremko walikimbia, na kwenye kilima walitoka jasho la haki. Askari mmoja alinyanyua mkono awasimamishe, akasikiliza, hakusikia injini, akaufikiria mkono wake, kisha akautumia kuzuia magari mengine ili Landrova ipite.

Walifika saa tisa na dakika kumi. Sixbert alipokea kadi dirishani, akaandika, akagonga muhuri, akamrudishia Zuhura kadi pamoja na karatasi.

"Tayari mama. Safari njema."

Zuhura aliwageukia watu wake. Kanzu zao zilikuwa zimelowa mgongoni, Msabaha amekaa chini anahema. Hasira ilimpanda, na katikati ya furaha yote ile ikamshangaza mwenyewe.

"Hujalitazama," alisema.

"Nimekwisha kukugongea muhuri, mama."

"Nimeuona. Mananasi yananisubiri, lakini yatanisamehe dakika tano. Watu hawa wamelisukuma kutoka Dunda ili ulitazame. Toka, mwanangu, ulitazame."

Hakuna aliyepiga kelele. Walisogea tu dirishani, wote, na kusimama. Zuhura akavua kanga ya mabegani akaitandika chini ya gari ili kijana asichafuke shati.

Sixbert akatoka. Akalala chali, akajisukuma chini mpaka vikabaki viatu. Alikaa humo kitambo.

"Hapa amechomelea nani?" sauti ilitoka chini.

"Mimi," alisema Msabaha.

"Umechomelea vizuri."

"Tunajua," alijibu Bwanausi, na watu wakacheka.

"Namba sasa," alisema Zuhura. "Isome kwa sauti, hawa nao waisikie."

Akaisoma, tarakimu moja moja, na watu wakaziitikia kwa pamoja. Zuhura alikuwa akiifuatisha kwa kidole kwenye karatasi. Tarakimu ya tatu ilikataa. Ya nne na ya tano pia. Kijana alikuwa amenakili namba ya kwenye kadi, ya chasisi iliyooza, na kwa karatasi ile askari wa kwanza njiani angelizuia gari na mananasi yake.

Zuhura akapiga goti, akapitisha mkono chini ya gari, akampa karatasi na kalamu.

"Andika hiyo uliyoisoma," alisema.

Sixbert akaiandika akiwa amelala hapo hapo.