Hereni za Lisila

Marehemu mke wangu Lisila alikuwa na hereni za dhahabu, zile alizoolewa nazo. Binti yetu Mirti aliposhikwa na homa akiwa mchanga, Lisila alizivua, akapanda nazo kilimani kwenye hekalu la Demeta, mungu mama wa ngano, akaapa: maadamu hereni zinaning'inia pale, mtoto ataishi. Akaishi. Demeta naye aliwahi kunyang'anywa binti, anajua uchungu wa mama. Nikamuuliza Lisila alimwambia nini mungu huko ndani, ambako mwanamume hakanyagi.

"Mambo ya wanawake, baba Mirti."

Sasa Mirti ana mimba kubwa, wakati wowote atajifungua. Na wakubwa wa mji wameamuru dhahabu ya hekaluni iyeyushwe, zipigwe sarafu za kulipa askari wa kukodi. Eti wanamkopa mungu. Vita waanzishe wao, hereni avuliwe Lisila, tena kaburini.

Mimi ni mvuta mivukuto ya kupulizia moto kwenye karakana ya sarafu. Kikapu cha dhahabu kilipoletwa, niliziona hereni zile juu kabisa: masuke madogo ya ngano, moja limepinda pale Mirti alipoling'ata. Mikono ikasimama yenyewe.

"Vipi, mzee, umelala?" akasema Hegia, msimamizi wetu.

"Hizi za mke wangu. Ziweke pembeni."

"Za mungu hizo. Na sura kwenye sarafu ni yake, anachomoza ardhini na masuke mkononi. Katoka mlango huu kaingia ule. Hasara yako iko wapi?"

"Mkeo ana chake humu kikapuni?"

"Mke wangu hata mimi hanipi kitu, sembuse mungu. Vuta, moto unazimika."

Nikavuta. Ningegoma, angevuta mwingine. Zikalegea, zikazama, basi.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Mirti. Nilidhani atalia. Akaendelea kukanda unga wa shayiri.

"Kwa hiyo nitakufa?"

"Sijasema hivyo."

"Uso wako umesema, baba."

Asubuhi akachukua hereni zake za sikukuu, za udongo uliopakwa rangi ya dhahabu, rangi yenyewe inabanduka. Nikamwambia mungu ataona tunamdhihaki.

"Akitaka dhahabu tu, atakuwa hana tofauti na hao wakubwa wako. Mama alitoa alichokuwa nacho. Nishike mkono, kilima kirefu."

Tukapanda, tukipumzika kila mahali penye kivuli. Langoni akaniacha, nikakaa juu ya jiwe. Alikawia mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Akatoka masikio matupu, mkono kiunoni, amechoka kunishinda.

"Umemwambia nini?"

"Mambo ya wanawake, baba."

Nikampa bega aegemee. Kule chini moshi wa karakana ulikuwa umeshapanda, mtu mwingine anavuta mivukuto yangu. Tukashuka polepole.