Mshono wa Mkiani

"Ng'ata uzi huu kwanza," Bogumiła alimwambia mdogo wake, akiunyoosha mkono kuelekea chumba cha rubani alimokuwa ameketi. "Kitambaa cha mkia kimechanika, nami sishoni mtu akiwa ndani bila uzi menoni."

Ludwik alicheka. "Dada, hii ni ndege, si koti! Shona upesi."

Kwao Polandi, nguo ikishonwa mwilini mwa mtu, lazima ang'ate uzi, la sivyo akili zake hushonewa humo. Lakini injini zote mbili zilikuwa zinanguruma, na bwana Sroka, mkuu wa karakana, alikuwa akifoka. Ndege hiyo ya kushambulia vifaru vya vita ilikuwa ya kwanza na ya pekee ya aina yake. Kesho yake majenerali wangekuja kuitazama. Bogumiła alishona hivyo hivyo, akapaka vanishi, akajitenga.

Ndege iliruka vizuri. Ikatua vizuri mno, kama jani. Injini zikazimwa, ila rubani hakushuka.

"Ludwik?"

"Ludwik ndiye nani?" aliuliza kwa upole, macho wazi, kama mgeni anayeulizia njia.

Walimbeba wakamkalisha kwenye kreti, karakanani, na ndege ikasukumwa ndani. "Uchovu tu," alisema Sroka. "Akilala, kesho ataruka."

 Bogumiła alikuwa akiitazama miguu ya mdogo wake. Mguu wa kushoto ulisukuma hewa, polepole. Kule nyuma, usukani wa mkia wa ndege, ambao rubani huugeuza kwa miguu, ukageuka kushoto. Mguu wa kulia ukasukuma, usukani nao ukageuka kulia. Ndani ya ndege hamkuwa na mtu.

Alichukua mkasi.

"We mama, umerukwa na akili? Kata hicho kitambaa uone kama utavuka tena geti hili!"

"Nitashona kwingine, bwana Sroka. Mdogo wangu nitampata wapi kwingine?"

Usukani ulitetemeka alipougusa, kama ubavu wa ng'ombe anayefukuza nzi. Alikata mshono mmoja baada ya mwingine. Vanishi ilikuwa imekauka, nyuzi zikilia kila zilipokatika.

Mpasuko ulipofunguka, Bogumiła aliweka kiganja chake hapo. Hewa iliyotoka ndani ilikuwa ya vuguvugu, yenye unyevu, ikija na kukatika, ikija na kukatika, kama pumzi ya mtu. Hakuthubutu kugeuka. Nyuma yake kreti ililia, kisha viatu vikaanza kukanyaga sakafu ya saruji, vikimjia taratibu.