Ngoma Iliyochelewa ya Ovide Charlot

Kabla muziki wetu wa New Orleans haujaitwa jazi, ukitaja tarumbeta umemtaja Ovide Charlot. Mimi nilikuwa mpiga tromboni wake. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mpenda supu ya bamia ya mkewe Eulalie, na sijawahi kumwona akigombana na mtu ila mpiga ngoma anayechelewa.

Mwaka wa 1912 tulikuwa tunarudi kutoka kupiga kwenye harusi, katika mji wa viwanda vya mbao kaskazini ya New Orleans. Mpiga ngoma wetu, Hyppolite, alishikwa na homa akabaki huko kwa shangazi yake, tukambebea ngoma na koti lake la bendi. Tulikuwa stesheni, katika chumba cha kungojea cha watu weusi, maana Wazungu walikuwa na chao, tukingoja treni ya mchana.

Akaingia mtu tusiyemjua, nywele zimejaa unga wa mbao, anahema. Alisema msimamizi wa kiwanda alimpiga, naye akamrudishia, na sasa wanamtafuta. Mpiga banjo wetu akamwambia kwa sauti ya chini atokee mlango wa nyuma, asije akatuua sote. Ovide alichungulia dirishani. Kisha akachukua koti la Hyppolite akamrushia yule mtu.

"Vaa. Jivike na hiyo ngoma kubwa. Usifungue mdomo."

Alikuwa bado anafunga vifungo Wazungu walipoingia na bunduki. Mmoja alikuwa na kamba ya kunyongea begani. Mkubwa wao, mwenye kofia ya kijivu, alitutazama mmoja mmoja, akamgeukia Ovide, ambaye kichwa chake kilikuwa na mvi tele.

"We kijana, hawa wote ni wako?"

"Wangu, bwana. Sisi ni bendi."

"Haya, pigeni tusikie."

Midomo yangu ilikuwa imekauka hata tromboni ikatoa sauti kama ya mbuzi. Ovide alianza wimbo wa maandamano, ule ambao hata mtoto angeupigia ngoma, lakini yule mtu hakujua kupiga. Pigo lake la kwanza likachelewa, la pili likachelewa zaidi. Mwenye kofia akasogea, akasimama mbele ya ngoma.

Hapo Ovide akafanya jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya. Aliishikilia noti yake, akaivuta, akaingoja ngoma. Ilipolia, ndipo akaingia na noti ya pili nyuma yake. Tukamfuata. Kila ngoma ilipochelewa, yeye alichelewa nayo, hadi wimbo mzima ukawa unatembea kama mtu anayeyumba asianguke.

"Mbona huyu anachelewa?" mwenye kofia akauliza.

"Ndivyo wanavyoupenda mjini siku hizi, bwana," Ovide akasema, akarudisha tarumbeta mdomoni.

Nilitazama chini, nikaona buti la yule mwenye kamba linagonga sakafu kufuata wimbo. Mkojo ulinitoka kidogo. Hatukuthubutu kuacha. Tulipiga mpaka treni ikafika, na hata ilipofika tuliendelea, hadi mwenye kofia alipotuonyesha mlango kwa kidevu.

Tukapanda behewa sote, naye akiwa kati yetu. Yule mtu alishuka kituo cha mbele, akatuachia koti amelikunja vizuri. Jina lake hatukumuuliza.

Hyppolite alipopona, Ovide alimtaka apige vile vile, kwa kuchelewa. Hyppolite alidhani anadhihakiwa. Lakini watu walianza kucheza tofauti, viuno vikingoja pigo, na mwaka haukuisha kila bendi ya mjini ikawa inaiga. Vijana waliohamia Chicago waliondoka nao mtindo huo, wakaurekodi kwenye santuri.

Ovide naye aliitwa akapige huko Chicago. Alifika stesheni na sanduku lake, treni ikapiga honi, akaketi juu ya sanduku asinyanyuke. Eulalie alimshika mkono akamrudisha nyumbani. Hakutoka tena nje ya mji, na popote alipopiga alisimama akiuelekea mlango.

Uzeeni, wapigaji walikuwa wakija kibarazani kumuuliza anahesabu vipi mapigo ya mtindo ule. Aliwaonyesha kwa kiganja juu ya meza, polepole, wakaondoka wamefurahi. Habari ya stesheni hakuwasimulia hata mara moja. Aliniambia kwamba maneno husafiri, na yule mtu huenda bado yu hai mahali fulani.