Maili za Baba Elsie

Mimi kusoma sikusoma sana, lakini namba nazijua. Kila jioni mume wangu Obadiah akirudi na gari kuukuu la bwana mtafuta madini aliyemwajiri udereva, kabla sijamsalimu nilikuwa nishachungulia spidomita. Mwatate na kurudi, maili thelathini na mbili. Kishushe, themanini. Zikizidi hata tano, siku hiyo nyumbani hakukaliki. Msinicheke! Mwaka wa kwanza wa ndoa alinipotelea Taveta siku mbili, eti mto ulifurika, na mimi si mtoto wa kudanganywa kwa peremende.

Basi mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa nane, maili zikakwama. Jumatatu alitoka alfajiri, akarudi magharibi na vumbi mpaka kwenye kope, akasema ametoka Kishushe. Nachungulia, namba ni zilezile za jana. Jumanne akaniletea mkungu wa ndizi, eti za Taveta. Namba hazijasogea hata moja. Nikachanganyikiwa kabisa. Ndizi za Taveta hata hapa Voi stesheni zinauzwa. Na vumbi je? Mtu hujipaka vumbi? Au kuna mwanamke hapahapa mjini, na mume wangu anashinda kwake kutwa, gari limeegeshwa uani?

Wiki nzima nilichungulia, namba zilezile. Jumamosi, Obadiah akiwa ametoka na gari, nikajifunga leso kiunoni nikaenda kwa fundi wake, Ndambuki.

"Fundi, gari linaweza kwenda bila kuhesabu maili?"

Akacheka. Akatoa msumarini waya mwembamba uliosokotwa, vipande viwili. "Hii ndiyo kebo yake, Mama Elsie. Inazunguka kutoka giaboksi mpaka kwenye spidomita. Ilikauka grisi, ikakatika. Gari linakwenda, namba zimelala."

Asante Yesu! Nilitaka kumkumbatia, na mikono yake yote ilivyojaa mafuta.

"Basi si umtilie nyingine?"

"Mpya ninayo hii hapa, grisi nishapaka. Lakini Obadiah mwenyewe amesema ningoje."

Furaha yote ikaniisha. Angoje nini? Mtu asiye na la kuficha hungoja nini?

Jioni hata injini hajazima, nishasimama mlangoni mwa gari.

"Baba Elsie, mbona hutaki kebo itiwe?"

Akanitazama kwanza. "Miaka sita, Gertrude, nikirudi unasalimia gari. Nikasema, wacha linyamaze, nione kama utaniuliza mimi."

Hasira niliyokuja nayo sikujua niiweke wapi. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

"Haya. Umetoka wapi?"

"Kishushe."

Nikangoja. Kumbe naye alikuwa anangoja.

"Kulikuwaje huko?" nikauliza.

Akazima injini. Akaniambia breki hushika ukikanyaga mara ya tatu. Akaniambia mteremko wa mawe wa njia ya Kishushe huuteremka akisali kwa sauti, na bwana wake humcheka. Akaniambia kila asubuhi ya safari ya Kishushe mikono humtetemeka, ndiyo maana hunywa chai akinigeuzia mgongo.

Maili zote za njia ile nilizijua kwa namba. Kwamba mume wangu anaiogopa, sikujua.